CT wa Midomoni

Jumatatu, 2 Oktoba

Mandat yangu, yaani muda wangu wa kazi chuoni, inakwisha Desemba. Nimeamka na wazo hilo, nimelinywa pamoja na chai, nimepanda nalo gari hadi mjini.

Niandike mambo yalivyo, maana kuna siku hata mimi siyaelewi. Hapa chuoni mtu haitwi kwa jina. Anaitwa kwa herufi zake. Mimi ni Ass, yaani assistant: nasahihisha mazoezi, nafuta ubao, nabeba mfuko wa profesa. Juu yangu kuna CT, chef de travaux. Huyo anafundisha kozi yake mwenyewe na habebi kitu cha mtu. Juu ya CT kuna Prof, na Prof naye kagawanyika: kuna PA wa chini, kuna P wa kati, kuna PO wa juu kabisa. Ni kama vilima vya Bukavu, ukidhani umefika juu unakuta nyumba nyingine zinaanzia hapo.

Sasa, Ass asiyepanda kuwa CT kabla ya mandat yake ya pili kwisha anapewa mkono na kutakiwa maisha mema. Yangu ndiyo hiyo ya pili. Nafasi ya CT katika idara yetu ya sosholojia ni moja, na sisi tuko wawili: mimi na Donatien. Zinatakiwa makala mbili. Donatien anazo. Mimi ninayo moja, na ya pili iko njiani. Inahusu akina mama wanaouza vitu kando ya barabara. Imebakiza kichwa, utangulizi, sehemu ya kati na hitimisho. Pia sijapata mtu wa kuhoji.

Leo mwanafunzi mgeni kamwita Donatien "CT" kwenye ngazi, mbele ya Doyen wetu, mkuu wa kitivo, Prof Jean-Claude. Doyen hakusema kitu. Aliyesahihisha ni Donatien mwenyewe, bwege yule! Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa Doyen begani, na akili yangu ikafunguka hapo hapo. Jina likishazoeleka midomoni, sahihi za wakubwa zitalifuata zenyewe. Ya nini kuhangaika na makala?

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeanza na wanafunzi. Baada ya mazoezi nikambakiza Chris, kiongozi wa darasa, nikamweleza kwa upole kwamba, ili kuepusha mkanganyiko, ingefaa waanze kuniita CT. Akauliza nimekuwa CT tangu lini. Nikasema dosye, yaani faili langu, iko njiani.

Chris anapenda mambo yaliyonyooka. Akapendekeza waniite "CT wa njiani". Nikakataa. Akapendekeza "karibu CT". Nikamkumbusha kwamba alama za mazoezi bado hazijatoka. Saa sita mchana darasa zima lilikuwa linaniita CT, hata wale wa viti vya nyuma ambao siku zote hawaniiti chochote.

Raha iliyoje! Nimepita mbele ya darasa lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 4 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya mtaa, na sijui hata nilikosea wapi.

Hapa Kasha kila mtu ana cheo. Anayeuza vidonge ni Docta. Anayepanda nguzo kuunganisha umeme usio wake ni Inge. Mwenye mashine ya kusaga mihogo ni PDG, mkurugenzi mkuu. Mimi, tangu nihamie kwa dada yangu mkubwa, yaya Godelive, wananiita Prof, kwa sababu tu walinikuta na kitabu. Sikuwahi kuona ubaya wake. Lakini mpango ni mpango. Nikamsimamisha jirani yetu, maman Bibiane, nikamwomba kwamba kuanzia leo aniite CT.

Akataka kujua CT iko juu ya Prof ama chini yake. Mimi ni mtu wa sayansi. Nikasema chini.

Alinishika mkono muda mrefu. "Prof," akasema, "balikufanya nini kule? Pole, Mungu iko." Nikajaribu kumweleza kwamba sikushushwa, bali napanda. Akauliza ninapandaje kutoka Prof kwenda chini ya Prof. Nikaanza upya tangu Ass. Hapo ndipo alipoanza kulengwalengwa na machozi, maana alielewa kwamba chini kabisa kuna kingine tena, na kwamba ndiko ninakoelekea.

Jioni akaleta sahani ya maharage iliyofunikwa kitambaa. Mke wa Inge akaleta ndizi. Yaya aliporudi kutoka barabarani anakouzia sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akakuta watu wawili sebuleni wamekaa kimya, akaniuliza nani kafa.

Maharage yalikuwa matamu. Lakini Kasha nimeiacha. Hapa nitabaki Prof.

Alhamisi, 5 Oktoba

Suala la mfuko. Nimelifikiria sana. Mfuko wa Doyen ni mzito: una vitabu, kopi za wanafunzi, chupa ya chai na viatu vya mvua. Nimeubeba tangu nilipoanza kazi, kutoka kwenye gari hadi ofisini na kutoka ofisini hadi kwenye gari. Kila profesa ana Ass wake wa mfuko, na mimi ndiye wake. Lakini nani amewahi kumwona CT na mfuko wa mtu?

Basi leo Doyen aliposhuka na kuunyosha mfuko nyuma bila kutazama, kama kawaida yake, mimi nilikuwa nimefunga mikono mgongoni nikitazama ziwa. Mfuko ukabaki hewani. Akageuka. Mimi nikaendelea na ziwa. Donatien, ambaye alikuwa akipita, akaukimbilia.

Nilicheka moyoni hadi tumbo likauma. Mshindani wangu, mtu mwenye makala mbili, kabebeshwa mfuko kama Ass wa jana! Na hajui kwamba mimi ndiye niliyemtega. Walipanda ngazi pamoja wakizungumza. Walishuka pamoja wakizungumza. Jioni aliingia na mfuko hadi ndani ya gari na wakaondoka wote.

Wazungumze tu. Cheo hakizungumzwi kwenye ngazi.

Jumapili, 8 Oktoba

Siku kubwa.

Paroisse yetu ya Kasha ina waumini wengi lakini haina doyen hata mmoja. Kwa hiyo jana niliteremka hadi paroisse ya mjini, ile anayosali maman Lucie, mke wa Doyen, nikaandikisha misa ya shukrani. Utaratibu ni rahisi: unatoa sadaka yako, unasema jina na nia yako, na Jumapili vinasomwa mbele ya wote. Nikaandikisha: shukrani za CT Delphin Murhula kwa kupewa cheo.

Yaya Godelive aliposikia, alisimama na kikapu mkononi. "Unashukuru ya nini, na bado habajakupa kitu?" Nikamwambia hiyo ndiyo imani. Mtu anashukuru kwanza. Akasema imani anaijua, ila hajawahi kushukuru samaki aliye bado ziwani.

Leo msomaji alikuwa na sauti nzuri mno. "CT Delphin Murhula!" Ilienda hadi darini ikarudi. Watu waligeuza vichwa. Nikainamisha changu kwa unyenyekevu. Baada ya misa maman Lucie mwenyewe alinijia, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu hanalalaka, mutoto yangu. CT! Na papa hajaniambia." Nikasema papa Doyen ana mambo mengi.

CT imeingia nyumbani kwa Doyen. Imekaa mezani pake. Leo atakula nayo fufu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sielewi kasi ya mambo.

Bintu, sekretari wa fakultate, kasimama nilipoingia. Hajawahi kunisimamia. Kanipongeza na kuuliza arrêté yangu imetoka lini Kinshasa, maana CT anathibitishwa na karatasi ya waziri. Nikatabasamu. Mtu anayetabasamu hajasema uongo. Akanong'ona kwamba anaelewa, wapo wenye wajomba zao huko juu, na kwamba hakujua kumbe mimi ni wa aina hiyo. Nikatabasamu tena. Sasa nina mjomba Kinshasa. Jina lake silijui.

Wenzangu wakataka tuarose, kwa sababu cheo kisichomwagiwa bia hukauka, ndivyo wanavyosema. Nikawapeleka. Donatien kanikumbatia kwa moyo safi kabisa, jambo lililonikera. Tuliporudi chuoni Doyen kaniita CT mbele ya watu wote, kwa sauti, na kuongeza kwamba kwa vile sasa ni CT naweza kufundisha kozi peke yangu, basi kesho niende Sange kwenye tawi letu. Kule hakukuwa na mtu wa kwenda.

Nimefurahi. Nadhani nimefurahi.

Alhamisi, 12 Oktoba, Sange

Joto. Huku bondeni hewa haisogei, na mimi nimekuja na koti langu la sufu kwa sababu ndilo la CT. Usiku mbu, mchana jasho.

Kuna jambo geni hapa. Kabla yangu walikuwa wakitumiwa ma-Ass tu, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo watu wa Sange wanaamini kwamba "Assistant" ni jina la mtu yeyote anayetoka Bukavu na chaki. Niliposhuka garini watoto walitangaza mtaa mzima: "Assistant mupya amefika!" Mwenye nyumba ya wageni ananiita Assistant. Dereva aliyenileta, naye wanamwita Assistant, na anaitika.

Nikawaeleza wanafunzi kwamba mimi ni CT. Wakaandika kwenye daftari. Kisha mmoja kanyosha kidole kwa adabu, akasema, "Assistant, CT iko somo gani?"

Kasha nikipanda wananililia. Sange nikipanda hawaoni. Mjini nimepanda bila kupanda. Nilijitazama kwenye kioo cha gari nikajaribu kujiita. Sikujua nianze na lipi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimerudi jana nimechomwa na jua. Leo imekaa kamisheni ya vyeo.

Nilifika mapema na dosye yangu, nikaketi kwenye benchi la nje pamoja na ma-Ass wa idara zote. Kila aliyefika alinishangaa, akasalimia CT, akaketi mbali kidogo kwa heshima. Donatien aliketi mwisho wa benchi, mfuko wa Doyen magotini.

Mlango ukafunguka. Doyen akatoka, akaniona. "CT, na weye uko nafanya nini huku? Leo ni siku ya ba-Ass."

Nikacheka. Naye akacheka. Nikangoja aseme anatania. Hakusema. Akaeleza kwamba jina langu wameliondoa kwenye majadiliano wiki iliyopita, kwa kuwa waziri ameshanisainia, na kamisheni haiwezi kumpa mtu kitu alicho nacho tayari. Ila nisisahau kumletea Bintu kopi ya arrêté.

Hapo, shajara, palikuwa na mlango wazi. Ningeweza kusema: Prof, sina arrêté. Maneno matatu. Wenzangu wote walikuwa wananitazama, na yule Ass wa historia alikuwa amenipisha kiti. Nikasema kopi iko njiani.

Wakamwita Donatien. Akaingia na mfuko wake, akatoka bila kukawia. Ni CT. CT kweli, wa kupigiwa kura. Aliponiona akanishukuru, akasema kama nisingepanda mwanzo kwa njia yangu ya Kinshasa, yeye asingekuwa na nafasi.

Nikampongeza. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimemweleza yaya yote, naye amenipeleka mwenyewe kwa Doyen. Alinivua koti, akanipiga maji usoni, akanipandisha gari, akashuka nami hadi kwenye geti la Doyen, na akakaa nje kwenye jiwe kuhakikisha sitoki kabla ya wakati.

Maman Lucie akafungua. Akaniita CT. Akaniletea soda. Akanionyesha kitenge alichonunua kwa ajili ya sherehe yangu, ameshawaambia kwaya nzima. Nikataka kutoka. Dirishani nikamwona yaya juu ya jiwe lake. Nikabaki.

Doyen alipokuja nikamwambia yote. Chris, Kasha, ziwa, misa, mjomba asiye na jina. Niliongea haraka nikitazama soda. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikatamani anifokee.

Kisha akasema Donatien alikuwa ameandaliwa kwenda Kinshasa kufanya doktora. Amelizungumza naye tangu mwanzo wa mwezi, kwenye ngazi. Hakuihitaji ile nafasi, aliwekwa kwenye orodha kwa utaratibu tu. "Ile nafasi ilikuwa yako, Delphin. Nilikuwa nangojea brouillon tu ya ile makala. Hata ya mukono."

Brouillon! Kurasa chache za kalamu, zenye makosa! Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na nitaandika hapa kwamba nililia, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Akasema makala yangu ya kwanza aliipenda. Akasema pia kwamba siku ile mfuko ulipobaki hewani alidhani ninaumwa.

Mwishowe akasema atajaribu kuniombea mwaka mmoja zaidi kama Ass, wa mwisho kabisa. Sharti ni moja: makala mezani pake kabla ya Pasaka. Si cheo, si misa. Makala. Nikaapa.

Njiani yaya alininunulia muhogo wa kuchoma, nikala nusu.

Jumatano, 1 Novemba, Watakatifu Wote

Mwaka umekubaliwa. Bintu kanikabidhi barua yake bila kusimama.

Leo ni sikukuu, chuo kimefungwa, na nimeanza. Safari hii kweli. Nyumbani hatuna meza ya kuandikia, ile ya sebuleni ina mguu mmoja pungufu. Alfajiri yaya akaingia na meza yake ya barabarani, ile ya kuuzia sambaza. Ameisugua kwa sabuni na majivu, akaianika, akatandika kitambaa juu. Nikamuuliza atauzia wapi. Akasema leo hauzi. Akawafukuza watoto wa jirani, akamwambia maman Bibiane apunguze redio, akafunga mlango taratibu. Nilisikia akiwaambia watu huko nje kwamba ndugu yake anaandika.

Nikaketi. Nikachukua karatasi safi. Makala huanza na jina la mwandishi, basi nikaandika Delphin Murhula. Kisha nikasita. Mbele ya jina huwekwa cheo. Ass? Makala itatoka Pasaka, na kuchapishwa huchukua muda, na msomaji anaweza kuikuta baada ya miaka. Wakati huo nitakuwa Ass kweli? Kuandika Ass ni kumpotosha msomaji. CT nayo, kwa mambo yaliyotokea, sitaki kuisikia kwa sasa. Mchana nikaweka PA. Ilionekana pweke. Nikajaribu P peke yake, ikafanana na kosa la kalamu. Nikala. Baada ya kula mambo yakanyooka: mtu akiandika kwa ajili ya baadaye, aandike cha juu, asije akarudia kazi. Nikaandika upya kwa mwandiko mzuri: Prof Docta Delphin Murhula, PO. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Jioni yaya akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Akaingia na chai, akauliza kama anaweza kuona. Nikamgeuzia karatasi. Akaisogeza kwenye mwanga, akaisoma polepole kwa kidole hadi mwisho wa mstari, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Na ingine iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sehemu ngumu imekwisha.